Ritifaa Katika Jina Lako: Namna Mifumo ya Huduma Inavyopeana Amri

Mkazi wa Mlowo anayelipia leseni ya biashara siku hizi hasubiri karani afungue kitabu cha stakabadhi. Hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani tunaiita kontroo namba, akalipa kwa simu au kwa wakala, na mara nyingi kabla hajafika stendi ujumbe wa uthibitisho umekwisha kuingia. Kati ya kulipa na kupokea ujumbe huo, taarifa zake zimepita katika mifumo kadhaa ambayo haikujengwa na watu wale wale wala kwa wakati mmoja. Makala haya yanahusu hatua moja ndogo ndani ya safari hiyo: pale programu inayounganisha mifumo inapoiamuru kompyuta ifanye kazi fulani. Ni hatua ambayo wananchi hawaioni, lakini ndiyo inayoweza kumfanya mtu mwenye jina halali, aliyefuata taratibu zote, aambiwe dirishani kwamba hayumo.

Nilianza kuijua kwa njia ya aibu. Nilipokuwa nikijifunza kazi katika ofisi moja mbali na mkoa huu, niliketi karibu na dirisha la maombi ya mikopo ya vikundi, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimekamilisha kila kitu. Majina ya wanachama yalihakikiwa kwa vitambulisho, yakaingizwa kwenye kompyuta, na jioni yakatumwa. Orodha iliyofika upande wa pili ilikuwa na mtu mmoja pungufu. Aliyekosekana alikuwa mweka hazina, bibi wa makamo ambaye jina lake la ukoo lilikuwa na herufi ng', yaani ng yenye ritifaa juu yake.

"Bibi, mfumo unalikataa jina hili," karani alimwambia. "Tuliandike bila hicho kialama."

Bibi akakubali shingo upande. Wiki iliyofuata jina lilifika, lakini sasa halikufanana na lile lililo kwenye kitambulisho chake, na ombi likarudishwa. Alipokuja mara ya tatu alipita dirishani akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, labda kwa sababu nilikuwa kijana na sikuwa na kazi nyingi.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma, jina la baba yangu lina kosa gani?"

Nilikuwa na diploma mpya ya mawasiliano ya umma na sikuwa na jibu. Siku chache baadaye alifika fundi wa TEHAMA, akaketi mbele ya seva kwa muda usiozidi nusu saa, na jina likapita likiwa na ritifaa yake. Nilimwomba anieleze alichofanya. Sehemu kubwa ya yaliyomo hapa chini ilianzia katika mazungumzo yale.

Mifumo inayomhudumia mwananchi ni mingi. Leseni za biashara huombwa kupitia TAUSI, mfumo ulio chini ya TAMISEMI. Malipo ya Serikali hupita katika mfumo wa GePG, ambao Wizara ya Fedha ilianza kuutumia mwaka 2017. Takwimu za zahanati, zinazoanzia kwenye vitabu vya MTUHA ambavyo wengi mmeviona juu ya meza ya muuguzi, huishia katika DHIS2, programu iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na kuendelezwa hapa kwetu kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitambulisho viko NIDA. Kila mfumo una namna yake ya kuandika tarehe, kupanga majina na kuhesabu. Mmoja huandika jina la ukoo mwanzoni, mwingine mwishoni.

Kwa hiyo huhitajika kitu cha kusimama katikati, na kitu hicho ni zana ya kuunganisha taarifa. Aliyewahi kupitisha mzigo katika kituo cha pamoja cha mpakani pale Tunduma na Nakonde ataielewa haraka. Wakala wa forodha hupokea mzigo kwa nyaraka za upande mmoja, huukagua, huzipanga nyaraka upya kwa matakwa ya upande wa pili, kisha huukabidhi. Mahindi ni yale yale, ila karatasi zimebadilika. Zana ya kuunganisha taarifa hufanya hivyo kwa majina, namba na kiasi cha fedha, na aghalabu huifanya kazi hiyo usiku, wakati ofisi zimefungwa na mtandao hauna msongamano.

Zana za namna hii zipo nyingi duniani. Mojawapo inayotumika sana ni Pentaho Data Integration, ambayo kwa asili iliitwa Kettle, yaani birika. Watengenezaji wake walikolea katika lugha ya jikoni: sehemu ya kuchorea kazi wakaiita Kijiko, ya kuendesha mageuzi ya taarifa wakaiita Kikaango, na ya kuendesha mfululizo wa kazi wakaiita Jiko, yote kwa Kiingereza bila shaka. Ndani yake mtaalamu hupanga hatua moja baada ya nyingine: soma faili, chuja mistari mitupu, geuza tarehe, andika kwenye kanzidata. Msomaji asihitimishe kutokana na mfano huu kwamba ndiyo zana iliyopo katika seva fulani ya ofisi fulani, kwa kuwa taarifa za namna hiyo hazitangazwi gazetini kwa sababu za kiusalama. Ninaitaja kwa kuwa inaeleza vizuri jambo lililo mbele yetu.

Zana hiyo haiwezi kila kitu. Kuna kazi ambazo kompyuta yenyewe inazijua vizuri zaidi: kufungasha faili kubwa liwe dogo, kulifunga kwa ufunguo wa siri, kulihamishia kwenye seva nyingine, kufuta la juzi. Kwa kazi hizo zana huwa na hatua maalumu ambayo haifanyi jambo lolote yenyewe, bali humwita mtendaji mwingine na kumkabidhi amri iliyoandikwa. Mtendaji huyo huitwa sheli.

Neno hilo lisikupeleke kwenye kituo cha mafuta. Najua kwamba kwa mkazi wa barabara kuu ya kwenda Zambia sheli ni mahali pa kujazia dizeli. Katika kompyuta, sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa maneno na kuzipeleka kwenye mfumo endeshi ili zitekelezwe. Jina lake limetoka kwenye gamba, kwa maana ya kitu kinachouzunguka mfumo endeshi kama ganda linavyozunguka kokwa. Ken Thompson aliandika sheli ya kwanza ya mfumo wa Unix katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1971. Stephen Bourne akaandika nyingine mwaka 1979, na kanuni zake za kusoma amri zinaendelea kutumika hadi leo katika seva nyingi zinazotumia Linux. Kanuni hizo ndizo zilizomsumbua bibi yule, kwa kuwa ziliwekwa na watu ambao katika lugha yao ritifaa haibebi sauti.

Sheli husoma mstari wa amri herufi kwa herufi. Nafasi kati ya maneno huiambia kwamba kitu kimoja kimekwisha na kingine kinaanza. Nukta mkato huiambia kwamba amri ya kwanza imekwisha na amri nyingine inafuata. Ritifaa, ile alama yetu ya ng', kwake ni alama ya nukuu: huiambia kwamba kuanzia hapo kila kitu kichukuliwe kama kilivyo, mpaka ritifaa nyingine itakapotokea. Sasa tuchukue jina la ukoo Ng'ombe kwa mfano tu, na zana imeunda amri hii:

sajili Asha Ng'ombe

Sheli itasoma sajili, itasoma Asha, itasoma Ng, kisha itakutana na ritifaa na kuanza kungoja ritifaa ya pili. Haipo. Mstari unakwisha nukuu ikiwa wazi, na sheli inakataa kuitekeleza amri yote. Mtu anayesoma sentensi hiyo hata hashtuki, lakini mashine inaona mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa.

Hilo lina unafuu kwa sababu kosa huonekana. Hatari zaidi ni pale majina mawili ya namna hiyo yanapofuatana katika mstari mmoja:

sajili Ng'ombe Mang'ula

Safari hii ritifaa ya kwanza inafungua nukuu na ya pili inaifunga. Sheli inaridhika. Inazitupa ritifaa zote mbili, inaihesabu nafasi iliyo katikati kuwa sehemu ya jina, na kupeleka mtu mmoja anayeitwa "Ngombe Mangula". Waliokuwa wawili wamekuwa mmoja asiyekuwapo duniani, na hakuna taa nyekundu iliyowaka. Katika eneo letu jambo hili si la kufikirika. Majina yenye ng' yapo katika makabila mengi ya Tanzania, na yale yanayoanza na Ng'wa ni ya kawaida miongoni mwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia tambarare za Momba na Rukwa, ambao huleta mifugo na mazao katika masoko ya huku.

Kwa mtazamo wangu, ushauri wa kuiondoa ritifaa ili mfumo ukubali ni wa kukwepa kazi. Katika Kiswahili ng'oa ni kutoa kitu ardhini pamoja na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Alama hiyo ni sehemu ya tahajia, kama ilivyo herufi yoyote. Anayepaswa kurekebishwa ni aliyeandika amri.

Namna ya kurekebisha inajulikana siku nyingi. Njia iliyo salama zaidi ni kutopitisha kabisa jina la mtu katika mstari wa amri. Zana huandika majina yote ndani ya faili, kisha humpa sheli jina la faili tu, lililoundwa na kompyuta yenyewe kwa tarehe na namba. Anayelifungua faili hilo upande wa pili husoma Ng'ombe kama Ng'ombe, kwa sababu ndani ya faili ritifaa haina madaraka yoyote. Hivyo ndivyo alivyofanya fundi yule. Njia nyingine ni kuiita programu moja kwa moja na kuikabidhi kila jina peke yake bila kumpitia sheli, kama vile kumpa mtu bahasha mkononi badala ya kumsomea barua kwa sauti sokoni.

Tahadhari hiyo inakinga pia dhidi ya jambo baya kuliko kupotea kwa jina. Nilitaja nukta mkato. Mtu mwenye nia ovu akijaza katika nafasi ya jina neno moja, kisha nukta mkato, kisha amri ya kufuta mafaili, sheli isiyolindwa itadhani amri hizo zote zimetoka kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana fomu za mtandaoni wakati mwingine hukataa alama fulani, na ndiyo maana hatua ya kuamuru sheli inatakiwa kuendeshwa kwa akaunti yenye uwezo mdogo, inayoweza kusoma folda moja na kuandika katika folda nyingine, basi. Mwezi Septemba 2014 ulimwengu uligundua kasoro katika sheli iitwayo Bash, ambayo ilikuwa imelala humo tangu mwaka 1989. Stéphane Chazelas ndiye aliyeibaini, na mashine nyingi mno zililazimika kurekebishwa kwa haraka. Hapa nchini, kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama aliyejaribu anadai alikuwa akichezea fomu tu.

Limebaki jambo ambalo nadhani ndilo linalowagusa wakazi wengi zaidi, wenye ritifaa na wasio nayo. Kila amri inapokwisha, sheli hurudisha namba. Sifuri maana yake kazi imefanyika. Namba nyingine yoyote, kuanzia 1 hadi 255, maana yake kuna kasoro. Shuleni sifuri ilitutoa machozi, lakini hapa ndiyo alama ya kufaulu. Namba hiyo haionekani na mtu. Hupelekwa kwenye zana ya kuunganisha taarifa, na zana huwa imepangwa mapema ifanye nini: isimame, irudie, imtumie fundi ujumbe, au iendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo mpango wa mwisho ndio unaoleta matatizo. Aliyejenga kazi, akiwa na haraka, huunganisha hatua ya kwanza na ya pili kwa mshale usio na masharti. Amri inashindwa saa nane usiku, zana inapita, na asubuhi ripoti inasema kazi zote zimekamilika. Zimekamilika kweli, isipokuwa faili lililotumwa lilikuwa tupu.

Hata kampuni zinazoishi kwa kompyuta zimewahi kuumia kwa namna hiyo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alitoa amri ya kufuta folda katika seva isiyokuwa yenyewe. Alipoizuia, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Wakaenda kwenye nakala rudufu zilizokuwa zikichukuliwa kwa ratiba, wakakuta hakuna kitu. Amri ya kuchukua nakala ilikuwa ikishindwa, kwa kuwa programu iliyoitwa ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Walinusurika kwa nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Taarifa za wateja za saa sita hizo hazikurudi. Amri zilikuwa zimetoa ishara ya kasoro kila mara. Ila hakukuwa na sikio.

Dawa yake haina utaalamu wa kutisha. Kila hatua ya amri iwe na njia mbili, moja ya sifuri na nyingine ya kasoro, na njia ya kasoro ifike kwa mtu mwenye jina na simu. Pamoja na hayo kuna kuhesabu: idadi ya walioingizwa jioni ilinganishwe na idadi ya waliopokelewa asubuhi. Kama walitoka 240 na wakafika 239, atafutwe yule mmoja kabla hajapanga foleni. Mhasibu yeyote wa chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi hufanya hivyo kwa magunia bila kuambiwa.

Mwananchi naye ana la kufanya. Ukilipa na risiti isionekane, usilipe mara ya pili kwa kudhani ya kwanza imepotea. Hifadhi ujumbe wa simu wenye namba ya kumbukumbu ya malipo, usiufute, na kama hali haijabadilika siku ya kazi inayofuata, upeleke kwa Afisa Mtendaji wa Kata au katika ofisi iliyokupa namba hiyo. Mara nyingi fedha imefika na kilichokwama ni taarifa. Ukiambiwa jina lako "halikubaliki", omba liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na tatizo lipelekwe kwa wataalamu wa TEHAMA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe, na kuomba hivyo si ukorofi.

Mwisho ni kwa wanaochapisha barua na orodha za vikundi kwenye steshenari. Baadhi ya simu na programu za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, lakini kompyuta huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti, na jina lenye ritifaa iliyopinda haliwezi kulingana na lile lenye ritifaa iliyonyooka. Kabla ya kuwasilisha orodha, mwombe mchapaji aandike ritifaa zote kwa namna moja, iliyonyooka, na mwenye jina alisome mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kutia sahihi.